Mafuta Yasaidiayo Usukani

Kila mtu aliyepata kupanda motokaa amemwona dereva akizungusha usukani kwa wepesi, nalo gari zima hugeuka kama mbuzi afuataye kamba. Lakini motokaa si kitu chepesi. Hata iliyo ndogo huwa na uzito wa kilo 1,000 hivi, na mara nyingi zaidi ya nusu ya uzito huo huyakalia magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yageuzwayo. Je, nguvu ya kuyageuza yatoka wapi? Si mikono ya dereva peke yake. Chini ya boneti mna msaidizi, na msaidizi huyo ni mafuta.

Katika somo hili tutajifunza jinsi mafuta hayo yafanyavyo kazi, jinsi ya kuyatunza katika motokaa iliyokwisha kukaa miaka mingi, na hatari impatayo mtu asiyeyatunza. Wengine kati yenu mtakuwa madereva, na wengine mafundi. Nanyi nyote ni abiria, na maisha ya abiria yamo katika usukani.

1. Jinsi msaidizi huyu alivyopatikana

Hapo kwanza motokaa hazikuwa na msaada wa namna hii. Dereva alizungusha usukani kwa nguvu zake mwenyewe, na vyuma ndivyo vilivyoichukua nguvu ile hata magurudumuni. Motokaa ndogo zenye matairi membamba ziliweza kuendeshwa hivyo pasipo taabu kubwa. Lakini malori yalipozidi kuwa mazito, kazi ikawa ya kutoa jasho. Usukani ulifanywa mpana sana ili mikono ipate nguvu ya wenzo, na dereva aliuzungusha mara nyingi kabla gari halijapinda.

Katika nchi ya Marekani alikuwako mhandisi, jina lake Francis W. Davis, aliyekuwa amefanya kazi katika kampuni ya Pierce-Arrow, waliounda motokaa na malori. Aliiona taabu ya madereva, akatafuta njia ya kuifanya injini yenyewe isaidie kugeuza magurudumu. Mwaka 1926 aliwaonyesha watu wa viwanda vya motokaa gari lenye usukani wa namna hiyo. Walakini kazi yake haikupata soko upesi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, magari mazito ya jeshi yalitiwa usukani wenye msaada, na mwaka 1951 kampuni ya Chrysler ikauza motokaa yake iitwayo Imperial, ikiwa na usukani huo. Basi toka siku ya maonyesho hata siku ya kuuzwa kwa watu wote ilipita miaka 25.

Siku hizi motokaa nyingi mpya husaidiwa na mota ya umeme, wala hazina mafuta ya usukani. Lakini motokaa za zamani kidogo zingali nyingi barabarani, hasa katika Afrika ya Mashariki, ambako magari mengi huletwa yakiwa yamekwisha tumika nchini Japani, yakashushwa katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Mfano mmoja ni Toyota Corolla ya miaka ya 1990. Tutaitumia hiyo katika somo letu, maana waliyo nayo ni wengi. Mafundi huuita usukani wake pawa stelingi.

2. Jinsi mafuta yafanyavyo kazi

Chukua mfuko wa nailoni, uutie maji tele, ukaufunge mdomo. Kisha utoboe kwa sindano mahali pengi, halafu uubinye kwa kidole upande mmoja tu. Utaona maji yatoka katika matundu yote, si katika yale yaliyo karibu na kidole chako tu. Mfaransa mmoja mwenye elimu, Blaise Pascal, aliyeishi tangu mwaka 1623 hata 1662, aliieleza kanuni hii: kitu cha majimaji kilichofungiwa chomboni kikisukumwa mahali pamoja, msukumo ule huenea pande zote.

Usukani wa motokaa hutumia kanuni hiyo. Kuna tangi dogo la mafuta. Kuna pampu, izungushwayo na injini kwa ukanda wa mpira, ambao mafundi huuita fenibelti. Pampu huvuta mafuta kutoka tangini, ikayasukuma kwa nguvu katika mpira mnene uliofumwa kwa nyuzi imara. Mpira huo huyachukua mafuta hata penye sanduku la usukani, lililo chini kati ya magurudumu ya mbele. Humo mna chuma kirefu chenye meno, kisogeacho kulia na kushoto, na katika chuma hicho mna pistoni.

Dereva aanzapo kuzungusha usukani, kijiti chembamba cha chuma hujipinda kidogo, nacho hufungua vali. Akizungusha kulia, vali huyapeleka mafuta upande mmoja wa pistoni. Akizungusha kushoto, huyapeleka upande wa pili. Mafuta huisukuma pistoni, na pistoni huyageuza magurudumu. Dereva anapoacha kuzungusha, kijiti hujinyosha, vali hurudi mahali pake, na mafuta huenda zake tangini kwa mpira mwingine, tayari kwa safari mpya.

Nguvu ya mafuta haya si ndogo. Hewa iliyomo katika tairi la motokaa ndogo husukuma kwa ratli 30 hivi kwa kila inchi ya mraba. Mafuta ya usukani, magurudumu yakipindwa hata mwisho, yaweza kusukuma kwa ratli 1,000 na zaidi. Tuseme uso wa pistoni una ukubwa wa inchi ya mraba 1. Basi pistoni hiyo itasukumwa kwa nguvu ya ratli 1,000, ambayo ni kilo 450 na kidogo zaidi, yaani uzito wa magunia 5 ya mahindi ya kilo 90 kila moja. Ndiyo sababu hata mtu dhaifu aweza kuigeuza motokaa iliyojaa abiria.

Kumbukeni neno moja. Mafuta yasipokuwapo, au pampu isipozunguka, vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu vingalipo. Gari laweza kugeuzwa bado, lakini kwa mikono mitupu, na kwa nguvu nyingi ambazo dereva hakuzizoea.

3. Mafuta hayaishi kwa kutumika

Petroli huungua, na kwa hiyo hapana budi kuongeza nyingine. Mafuta ya injini nayo huungua kidogo kidogo ikiwa injini imechakaa. Lakini mafuta ya usukani hayaingii katika moto hata kidogo. Hutoka tangini, hupita katika pampu, hufanya kazi yake, na kurudi tangini, tena na tena, mwaka baada ya mwaka.

Basi yakipungua, maana yake ni moja tu: yamevuja. Hili ndilo jambo kubwa katika somo hili. Madereva wengi wakiona tangi limepungua huongeza mafuta, wakafunga kifuniko na kwenda zao. Baada ya juma moja huongeza tena. Kufanya hivyo ni sawa na kumimina maji kila asubuhi katika mtungi uliopasuka, bila kuutazama ufa. Gari limewapa habari, nao hawakuisikia.

Mafuta yakizidi kupungua, pampu huvuta hewa pamoja na mafuta. Hapo mafuta hufanya povu, usukani huwa mwepesi mara hii na mzito mara hii, na pampu huanza kuguna kila usukani uzungushwapo. Tena mafuta haya ndiyo yailainishayo pampu yenyewe. Yakiwa haba, vyuma vya pampu husagana, na unga wa chuma huchukuliwa na mafuta mpaka katika vali na pistoni, nazo zikaharibika. Hivyo mpira mmoja wa bei ndogo, usipobadilishwa kwa wakati, waweza kuiharibu pampu na sanduku la usukani pia, ambavyo bei yake ni kubwa. Wazee walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuna na hatari nyingine. Mafuta yanayovuja yakidondokea bomba la moshi lililo moto sana, yaweza kuwaka moto.

4. Kuyatazama mafuta

Yafaa mafuta ya usukani yatazamwe mara moja kwa mwezi, na kabla ya safari ndefu. Fanya hivi:

Kwanza, simamisha gari mahali palipo sawa, uzime injini.

Pili, pangusa kifuniko cha tangi kwa kitambaa safi kabla ya kukifungua. Mchanga mchache ukianguka ndani utasafiri na mafuta na kukwaruza pampu.

Tatu, tazama alama. Katika matangi mengi kuna alama mbili, moja ya mafuta baridi na moja ya mafuta yaliyopata moto, kwa kuwa mafuta hutanuka yakipata moto. Alama ya baridi huandikwa COLD, na ya moto HOT. Ukiyatazama asubuhi kabla ya safari, fuata alama ya baridi. Usijaze kupita alama, maana yakitanuka yatamwagika.

Nne, tazama rangi na unuse. Mafuta mapya ya Corolla ni mekundu, tena huonyesha nuru. Yakiwa ya kahawia, yamezeeka. Yakiwa meusi na kunuka kama kitu kilichoungua, yamekwisha haribika. Yakiwa na povu, hewa imeingia. Tia tone moja katika karatasi nyeupe: ukiona vipande vidogo vya chuma ving'aavyo, mpelekee fundi upesi.

Tano, ukiongeza, ongeza mafuta ya aina yake. Kitabu cha gari hutaja aina hiyo, na mara nyingi imeandikwa juu ya kifuniko chenyewe. Toyota Corolla ya miaka ile hutumia mafuta ya giaboksi ya otomatiki, aina ya Dexron. Motokaa nyingine hutaka mafuta yake maalumu, wala hazikubali mengine. Kamwe usitie mafuta ya breki. Mafuta ya breki huzivimbisha na kuziharibu pete za mpira zizuiazo mafuta yasivuje, ambazo mafundi huziita sili. Chupa moja iliyotiwa kwa makosa yaweza kuuharibu usukani wote.

5. Kutafuta mahali panapovuja

Ukiona mafuta yamepungua, usiku tandaza karatasi safi au boksi lililokunjuliwa chini ya mbele ya gari. Asubuhi tazama matone. Mahali yalipoangukia pataonyesha njia. Kisha tazama juu, injini ikiwa imezimwa na imepoa.

Tazama mipira yote miwili, wa kwenda na wa kurudi. Mpira ulioanza kupasuka, kuvimba au kulainika umekwisha umri wake. Tazama mahali mipira inapofungwa, maana mara nyingine pete ya kukazia imelegea tu. Tazama nyuma ya pampu na chini yake. Mwisho tazama ile mipira miwili yenye makunyanzi, iliyo kila upande wa sanduku la usukani. Ukiibinya ukasikia mafuta ndani yake, sili za ndani zimechoka, na kazi hiyo ni ya fundi.

Angalieni sana: mtu asipapase mipira kwa mkono injini ikiwa inanguruma. Mafuta yatokayo katika tundu dogo kwa nguvu nyingi yaweza kupenya ngozi na kuingia mwilini, na jeraha la namna hiyo, lijapoonekana dogo, lataka hospitali mara moja. Tena ukanda unaozunguka hushika vidole na nguo bila kutoa onyo.

6. Ukanda wa pampu

Ukanda ukilegea, pampu haizunguki sawasawa. Dalili yake ni mlio mkali, kama mluzi, usikiwao hasa asubuhi au dereva apindapo hata mwisho. Injini ikiwa imezimwa, bonyeza ukanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Katika magari mengi huingia kadiri ya nusu inchi hivi. Lakini kipimo halisi kimo katika kitabu cha gari. Ukiingia zaidi, ukazwe. Lakini usikazwe kupita kiasi, maana beringi za pampu zitaharibika. Upande wa ndani ukiwa na nyufa, au unang'aa kama kioo, au umelowa mafuta, hapana dawa ila kuubadilisha.

7. Kubadili mafuta

Mafuta hayaishi, lakini huzeeka. Moto huyachosha, na taka huongezeka. Mafundi wengi hushauri yabadilishwe baada ya mwendo wa kilomita 80,000 hivi, au mapema zaidi yakiwa yamebadilika rangi.

Fundi huyainua magurudumu ya mbele kwa jeki, na kuliegemeza gari juu ya vigingi imara, kwa kuwa jeki peke yake haiaminiki. Huufungua mpira wa kurudi na kuuelekeza katika chombo. Huzungusha usukani taratibu kulia na kushoto mpaka mafuta ya kale yatoke. Kisha huufunga mpira, hutia mafuta mapya, na kuzungusha tena usukani mara nyingi huku injini imezimwa, akiongeza mafuta kila yanapopungua. Kazi hii hutoa hewa. Mwisho huwasha injini na kutazama. Ikiwa mafuta yana povu, au yapanda sana tangini mara injini izimwapo, hewa ingalimo, na kazi haijaisha.

Mafuta ya kale yasimwagwe chini wala mtoni, kwa maana huyaharibu maji ya watu na wanyama. Yawekwe katika dumu, yapelekwe gereji wanakokusanya mafuta machafu.

8. Desturi njema za dereva

Dereva mwema hausaidii usukani kwa fedha tu, bali na kwa desturi zake. Hapindi magurudumu hata mwisho na kuyashikilia hapo kwa muda mrefu, kwa sababu pampu husukuma mafuta yasiyo na njia, nayo hupata moto upesi. Akisikia pampu inaguna, hurudisha usukani kidogo. Hazungushi usukani gari likiwa limesimama kabisa, kama aweza kulisogeza kidogo kwanza. Tena hutia hewa ya kutosha katika matairi, maana tairi lililolegea huwa zito kugeuzwa.

9. Msaidizi akiacha kazi

Sasa tufikirie hatari yenyewe. Gari linateremka mlima, na mbele kuna kona. Ghafla ukanda unakatika, au mpira unapasuka. Usukani, uliokuwa mwepesi kama kuzungusha sahani, unakuwa mzito kama jiwe la kusagia. Dereva asiyejua hudhani ya kuwa usukani umekatika, akauacha au akashikwa na hofu. Dereva ajuaye hukumbuka ya kuwa vyuma vingalipo. Huushika usukani kwa mikono miwili, huvuta kwa nguvu zake zote, hupunguza mwendo kwa breki polepole, na kusimama kando ya barabara.

Lakini wako madereva waletao hatari hii kwa mikono yao wenyewe. Gari linapoteremka huzima injini ili kubana petroli. Injini ikizimwa, pampu haizunguki, na msaada wa usukani hukoma. Msaada wa breki nao huisha, baada ya kukanyaga mara chache tu. Na mtu akiutoa ufunguo, katika magari mengi usukani hujifunga kabisa, usizunguke hata kidogo. Kwa ajili ya petroli ya senti chache, dereva huyo huyaweka rehani maisha ya watu wote waliomo garini. Basi injini isizimwe kamwe wakati gari liko mwendoni.

Mtu akikutumikia kimya kimya kila siku, ni rahisi kumsahau. Mafuta ya usukani ndivyo yalivyo. Huonekani ukubwa wa kazi yake mpaka siku inapokoma. Mwenye busara hulifungua boneti mapema, hutazama alama, na akiona upungufu hauulizi mfuko wake kwanza, bali huuliza, “Yamekwenda wapi?”

Maswali

1. Kwa nini madereva wa malori ya zamani walipewa usukani mpana sana?
2. Eleza jaribio la mfuko wenye matundu. Lafundisha nini?
3. Mafuta ya usukani yakipungua, maana yake nini? Kwa nini si sawa na petroli kupungua?
4. Taja dalili tatu za kuonyesha kuwa mafuta yamezeeka au yameharibika.
5. Kwa nini haifai kutia mafuta ya breki katika tangi la usukani?
6. Dereva afanye nini usukani ukiwa mzito ghafla? Kwa nini injini isizimwe gari linapoteremka?